Nyuma ya Neno "Tu"

Hotuba kwa vijana wanaojiandaa kurekodi simulizi za maisha za wazazi na majirani wao, Eastlands, Nairobi

Hamjambo nyote. Wazee wetu mlioketi kule nyuma, asanteni kwa kutupa muda wenu, na mkisikia tunapotoka njiani mtukoholee.

Ukimuuliza mtu wa Nairobi alivukaje mwaka mgumu, jibu la kwanza huwa fupi. "Tulivumilia tu." "Tulijikaza tu." "Tulisukuma tu siku." Anayerekodi kwa mara ya kwanza hulipokea jibu hilo, hutikisa kichwa kwa huruma, kisha huingia swali linalofuata. Simulizi imekufa hapo hapo, hata kama kinasa sauti kitaendelea kuhesabu dakika kwa saa nzima. Kazi yenu yote imejificha nyuma ya hilo neno "tu". Huko ndiko kuna deni la dukani, mtoto aliyepelekwa kwa shangazi mashambani, chama cha shilingi hamsini kwa wiki, shati la shule lililogeuzwa kola ili upande uliochakaa uangalie ndani. Msimulizi hafichi mambo hayo. Anadhani tu kwamba mgeni hayahitaji.

Swali linaloua simulizi nyingi ni "ulihisi vipi?" Jibu lake ni "vibaya", halafu linafuata "lakini Mungu ni mwema", na mlango umefungwa kwa adabu. Nani atabisha baada ya hapo? Kwa hivyo uliza unga. Jioni ile baba alipofutwa kazi, unga ulitoka wapi? Mlinunua pakiti au mlipimiwa gorogoro, ule mkebe wa dukani? Mwenye duka alikuwa akiandika madeni kitabuni au akiyaweka kichwani? Ni nani alitumwa kukopa, mama mwenyewe au mtoto? Hili la mwisho lina uzito wake, kwa sababu katika nyumba nyingi anayetumwa ni mtoto, maana mwenye duka huona haya kumfokea mtoto, na mtoto huyo leo ana miaka arobaini na bado anakumbuka alisimama upande gani wa kaunta.

Tuchukue mfano mmoja tuuvute karibu. Mtu anakuambia, "Keateka alitufungia nyumba, tukateseka tu." Keateka ni msimamizi wa nyumba za kupanga. Usimwambie pole ukaishia hapo. Sema pole, kisha uliza: kufuli mliikuta saa ngapi? Ndani kulibaki nini? Usiku ule watoto walilala kwa nani, na nyinyi wazazi? Asubuhi walienda shule wamevaa nini, ikiwa sare ilifungiwa? Kufuli ilitoka baada ya kulipa kodi yote au nusu? Hiyo nusu ilipatikana wapi? Hapo hujauliza hisia hata mara moja, lakini ukifika kwenye sare utaona sauti inabadilika yenyewe. Acha ibadilike. Nyamaza, hesabu kumi moyoni bila haraka. Kimya cha sekunde kumi kinamchoma zaidi anayehoji, na ndiyo maana wengi hukijaza kwa swali jipya na kupoteza sentensi iliyokuwa njiani.

Kuna jambo ambalo mgeni halijui na nyinyi wa hapa mnalijua vizuri: watu wa mitaa yetu wameshahojiwa sana. Wamesimulia kwa mashirika, kwa kamati za basari, kanisani wakati wa ushuhuda. Wengine walitoa taarifa kwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokusanya zaidi ya 40,000 nchi nzima kabla ya kukabidhi ripoti yake kwa Rais Mei 2013. Kwa hivyo wengi wana simulizi iliyokwisha kupigwa pasi. Utaitambua haraka: inaanza na umaskini, inapita kwenye ugonjwa au kifo, inaishia kwa kumshukuru aliyesaidia. Si uongo hata kidogo, ni simulizi ya kuombea, na imewalipia watu karo. Msikilize mpaka amalize, umshukuru, ndipo umuombe akuonyeshe kitu kimoja ambacho amehama nacho kila alipohama.

Kitu kinachotoka chini ya kitanda hakina hotuba iliyoandaliwa. Itatoka kadi ya kliniki ya mtoto, sufuria yenye kishikio kilichofungwa waya, risiti ya kiwanja ambacho hakikuwahi kupatikana. Wakati mwingine kitu chenyewe ni ukuta. Angalieni mabati ya nyumba zilizojengwa upya baada ya bomoabomoa. Bati lenye mistari miwili ya matundu ya misumari, mmoja wenye misumari na mwingine mtupu, limeshajenga nyumba mahali pengine. Matundu ya zamani huzibwa kwa sabuni, kwa kipande cha mpira au kwa lami. Uliza nani aliyang'oa, yalibebwa kwa mkokoteni au kichwani, na mangapi yaliibwa njiani. Utapata historia ya mtaa mzima kutoka kwa bati moja.

Sasa tarehe. Watu hawakumbuki miaka, na ukiwashurutisha watakupa mwaka wowote ili uridhike. Tumia matukio ambayo kila mtu wa jiji hili anayajua. Mapinduzi yaliyoshindwa yalikuwa Jumapili, Agosti 1, 1982. Mvua za El Niño zilianza kuelekea mwisho wa 1997 na kuingia 1998. Bomu kwenye ubalozi wa Marekani lililipuka Ijumaa, Agosti 7, 1998. Shule za msingi zikawa bila karo Januari 2003. Ghasia za uchaguzi zilikuwa mwisho wa 2007 hadi mwanzo wa 2008. Noti za zamani za elfu moja zilikoma Septemba 30, 2019. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13, 2020, kafyu ikaanza Machi 27. Mafuriko makubwa ya 2024 yalikuwa Aprili na Mei. Kisha unapima kwa watoto: "Wakati wa El Niño, huyu kifungua mimba alikuwa anatambaa au hujamzaa bado?" Mama hatakosea hapo. Na akikosea, usibishane naye. Rudi baadaye kutoka upande mwingine, uulize wakati huo walikuwa wanaishi nyumba gani na kodi ilikuwa ngapi. Majibu mawili yakigongana, yaandike yote mawili, kwa sababu wewe si polisi.

Mahali pa kurekodia panaweza kuharibu kila kitu. Nyumba ya futi kumi kwa kumi yenye kuta za bati ina matatizo matatu. La kwanza ni mwangwi: sauti inagonga bati na kurudi, na kwenye kinasa mtu anasikika kama yuko ndani ya tangi. Keti upande wa kitanda, godoro linameza mwangwi, na pazia linalotenga kitanda liache likining'inia. Pazia lisipokuwapo, tundika blanketi nyuma yako. La pili ni mvua, ambayo haina dawa. Ikianza kupiga bati, simamisha, mnywe chai. La tatu ndilo zito: ukuta ni bati moja, na jirani anasikia kila neno. Kuna mambo ambayo mtu hatayasema hapo, au atayasema na kujuta ifikapo jioni. Ikiwa simulizi inahusu ndoa, ugonjwa au mwenye nyumba, tafuteni chumba cha kanisa siku ya katikati ya wiki, au ofisi ya chama yenye ukuta wa mawe.

Saa pia ina maneno yake. Mama anayeuza mboga huondoka alfajiri kwenda sokoni na jioni ndipo wateja wanamiminika, kwa hivyo muda wake ni kama saa nane hadi saa kumi mchana. Mtu wa mjengo, yaani kazi za ujenzi, muda wake ni Jumapili. Yeyote anayepoteza kibarua ili kuongea nanyi, mrudishieni nauli na thamani ya siku yake, lakini mtaje kiasi hicho kabla ya kuanza, kiwe sawa kwa wote, na kisibadilike kwa sababu mmoja amelia na mwingine hakulia. Ukilipia machungu, utauziwa machungu.

Mtauliza nani mwingine awe ndani. Ikiwezekana, asiwepo mtu. Mume akiwepo atasahihisha tarehe, na mke atanyamaza. Watoto wakiwepo, wanaweza kusikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yao si baba yao. Usimfukuze mtu kwake. Mwambie mzee kwamba yeye naye ana siku yake, na mumpangie kweli.

Kuhusu kifaa sitakaa sana, maana simu zenu zinatosha. Weka hali ya ndege, kwa sababu simu moja ikiingia katikati, programu nyingi husimama kurekodi bila kukuambia. Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unabana sauti mno. Tafuta programu inayotoa faili la WAV, uweke kHz 48, biti 24, mkondo mmoja. Saa moja itakula takriban MB 520, kwa hivyo angalia nafasi iliyobaki kabla ya kutoka nyumbani. Ukiwa na maiki ya kubana nguoni, ibane upana wa kiganja chini ya kidevu, mbali na leso na mkufu, maana mkufu ukigusa maiki utasikia kengele muda wote. Bila maiki, weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri moja hadi mbili kutoka mdomoni, isikae moja kwa moja juu ya meza inayogongwa na vikombe. Rekodi nusu dakika, vaa visikizi, sikiliza. Hapo ndipo utagundua friji inanguruma. Ichomoe kwa ruhusa, na uweke funguo zako ndani yake, ili usiondoke bila kuirudisha kwenye umeme na kuwaharibia watu maziwa.

Idhini ni jambo ambalo vijana hulifanya haraka kama kujaza kadi ya mteja. Tafadhali, hapa tukae kidogo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja data nyeti, na katika orodha hiyo kuna afya, asili ya kabila, hali ya ndoa, mali, hata majina ya watoto, wazazi na mwenzi wa ndoa. Hebu niambieni, ni simulizi gani ya maisha isiyo na hayo? Karibu kila sentensi mtakayorekodi ni data nyeti. Fomu isomwe kwa sauti, kwa lugha anayoielewa, na iwe na maswali yaliyotengana, si sahihi moja ya kumaliza yote. Je, ihifadhiwe tu kwa ajili ya familia? Je, wanafunzi na watafiti waisikilize? Je, iwekwe hadharani kwenye intaneti? Jina lake litumike au la? Picha ni swali la peke yake. Asiyeandika aweke kidole, na shahidi awe mtu aliyechaguliwa na msimulizi mwenyewe, asiwe rafiki yako. Mwambie wazi kwamba anaweza kuondoa idhini wakati wowote, na umpe namba ya kupigia siku akiamua hivyo. Kwa aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayekubali, lakini mtoto naye akisema hapana, basi ni hapana.

Idhini iulizwe mara mbili. Kabla ya kuanza, mtu hajui atasema nini. Baada ya kumaliza, anajua. Kwa hivyo ukizima kinasa, fungua fomu ya pili: "Shosho, kuna sehemu yoyote ya leo ungependa tuifute?" Wengi husema hakuna. Mmoja atasema "ile ya mwanangu", na hilo moja linatosha kuhalalisha utaratibu wote.

Kuna siri moja ambayo hamtaiahidi. Ikiwa mtu atataja mtoto anayeumizwa sasa hivi, si zamani, hilo halitakaa ndani ya kinasa. Msimulizi aambiwe hivyo mapema, kabla hajafungua mdomo. Namba ya watoto ni 116, haina malipo.

Kubadili jina hakumfichi mtu. Ukiandika "Mama Fulani, mama wa mapacha, anauza omena karibu na steji, mumewe alikufa kwenye ajali ya lori", mtaa mzima umeshamjua kabla ya nukta. Kinachomtambulisha mtu ni mkusanyiko wa mambo madogo. Vunja mkusanyiko huo: toa mapacha, au toa omena, muulize yeye kipi kitoke. Na wale wanaotajwa ndani ya simulizi nao ni watu. Akisema shemeji yake ndiye aliyeuza shamba la marehemu kwa hila, hiyo ni tuhuma, na mkiitoa hadharani na jina mtaitwa kortini. Akitaja kwamba jirani ana virusi, kumbukeni sheria ya UKIMWI ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake. Futeni jina hilo, na ikibidi futeni sentensi nzima.

Machozi. Mtu akilia, usizime kinasa kwa mshtuko, maana utamfanya aone amekosea. Usimsogezee simu karibu, huo ni uchuuzi. Uwe na maji na karatasi laini karibu naye tangu mwanzo, ili asingoje kupewa. Uliza kwa upole, "Tupumzike, au tuendelee?" na ufuate anachosema. Mengine ni hesabu ya muda. Kikao kisizidi dakika tisini, na robo saa ya mwisho isiguse kidonda. Mrudishe leo: mjukuu yuko darasa la ngapi, chama kinazungukia kwa nani mwezi huu, jioni anapika nini. Msimuache mtu 1998 halafu mkaondoka kwenda kukamata matatu.

Kesho yake mpigie simu. Siku ya pili ndiyo mbaya, mtu anaamka akijiuliza kwa nini aliwaambia watoto wa watu mambo ya ndani. Simu ya dakika tatu inaondoa hayo mengi. Ukisikia mzigo umemzidi, mpe 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa ushauri nasaha, na kama ni ukatili wa kijinsia, 1195. Zote hazina malipo. Nanyi wenyewe, msirekodi zaidi ya watu wawili kwa siku. Wa tatu mtamsikiliza kwa masikio tu.

Kuandika yaliyosemwa kutawachosha zaidi ya kurekodi. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuandikwa, na ikichanganya Kiswahili, sheng na lugha ya nyumbani, ongezeni. Hapa wengi huharibu kwa nia njema. Mzee amesema, "Nilikuwa nimesota kabisa, nikaona wacha niingie mjengo." Kijana anaandika, "Nilikuwa sina fedha, hivyo nikaamua kufanya kazi ya ujenzi." Huyo wa pili hatumjui, anaonekana kama afisa wa kaunti. Acheni maneno yake. Methali ya Kikamba au ya Kijaluo iandikwe kwa lugha yake, maana yake ifuate pembeni kwa maneno ya msimulizi mwenyewe. "Tu" yake iandikwe pia, kila moja. Mkisoma tena mtaona zimepangana mahali palipouma.

Tena msimhariri mtu awe shujaa. Kuna tamaa ya kumalizia kila simulizi kwenye duka jipya au mtoto aliyefika chuo kikuu. Maisha mengi ya hapa hayajafika popote, yanaendelea, na aliyewasimulia bado ana deni la kodi ya mwezi huu. Ikiwa alimalizia kwa kusema sukari imepanda, basi simulizi inaishia kwenye sukari.

Ukimaliza kuandika, rudi ukamsomee. Wengi hawatasoma wenyewe, na wengine watataka watoto wasome. Mpe nakala iliyochapishwa kwa herufi kubwa, na sauti kwenye memori kadi mkononi mwake. Usimtumie kwenye simu kabla ya kuuliza, kwa sababu simu ya nyumba nyingi ni ya wote. Kwenu, faili liitwe kwa tarehe na namba, lisiitwe kwa jina. Orodha inayounganisha namba na majina ikae mahali pengine, chini ya kufuli. Nakala ziwe tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya jengo hili, na msifute chochote kwenye simu mpaka mtu wa pili amezifungua nakala hizo na kuzisikiliza mwanzo, katikati na mwisho.

Sasa ya kesho. Tunaanza saa tatu asubuhi, mje na simu zenye chaji na visikizi. Hamtaenda mtaani bado. Mtaketi wawili wawili, na kila mmoja atahojiwa na mwenzake dakika arobaini, fomu ikiwa imesomwa kwa sauti, ili mjue kile kiti kina moto kiasi gani. Mkitoka mtaamua kama rekodi zenu zihifadhiwe au zifutwe. Fomu ziko kwenye meza ya mlangoni, kila mtu achukue mbili, moja ya kabla na moja ya baada.